Vidonge vya Nondo

Shule yetu ya Makorora haina maabara.
Ina beseni, jiko la mchina lenye utambi mmoja mfupi,
na mizani niliyoazima kwa Kibwana muuza dagaa,
inayonuka hata ikioshwa kwa ndimu.

Leo nimeanza na chupa ya mafuta ya nazi.
Ni Julai, na alfajiri ya kipupwe
hata Tanga hujifunika shuka.
Mafuta yameganda, meupe kama mshumaa.
Naipindua chupa chini juu. Hakitoki kitu.
"Mango," nawaambia. "Ina umbo lake na haina haraka."
Kisha naiweka dirishani, penye jua.

Kengele ya uji inapogonga
mafuta yanateremka shingoni,
yanajaa pembe za chupa
kama mgeni mwenye adabu
anayekaa pale alipoonyeshwa.
Naandika ubaoni: kama nyuzi ishirini na nne.

Mama hakujua nyuzi. Alijua kwapa.
Asubuhi kama hizi aliibana chupa kwapani,
akachambua mchele, akanisomea makosa yangu,
na makosa yalipokwisha
mafuta yalikuwa tayari kwa nywele zangu.

Hilo sikulisema darasani.

Nikatoa karatasini vidonge vinne.
"Hivi ni vya nondo."
Singano, dawati la mwisho, akauliza kama ni nondo za zege.
Wakacheka. Nikacheka nao, nikamshukuru kimoyomoyo.

Havikutoka dukani. Vimetoka kashani kwa mama,
katikati ya doti za kanga ambazo hakuwahi kuzikata.
Siku ya arobaini, nilipolifunga kasha,
vilikuwa kumi na viwili, vikubwa kama gololi.
Juzi nimelifungua: tisa, na vyote mbaazi.
Nikapapasa kanga moja moja.
Kavu. Hakuna doa, hakuna tone.

Mizani ya Kibwana haikutikisika hata kidogo;
imezoea vilo, haijui huzuni za gramu.
Basi tukavilaza kwenye karatasi ya miraba
tukavizungushia penseli.
Jumatatu nyingine tena, na nyingine,
duara ndani ya duara,
dirisha wazi, kipupwe kinaaga.

Mwanakombo haulizi kitu tangu Januari.
Siku hiyo aliuliza: "Mwalimu, viliyeyuka saa ngapi?"

Havikuyeyuka.
Kuna vitu, kwa joto la chumba kama hiki,
hutoka kwenye ugumu vikaingia hewani
bila kupita kwenye maji.

Nikageukia ubao, nikajifanya natafuta chaki.
Pale Bombo, mlangoni mwa wodi,
mashangazi walinitazama macho yangu makavu
wakanong'ona: huyu jiwe.
Nilidhani wamesema kweli.

"Sasa mahali," nikasema, maana jedwali lina safu ya mahali.
Na kwa hili Kiswahili kimetutangulia, andikeni:
mango ipo hapa,
ukiweka kidole unaigusa.
Kimiminika kiko huku,
kinafuata mteremko, usikiamini sana.
Gesi imo humu,
haina pa kuonyeshwa, inajaza chombo chote.

Po, ko, mo. Wakaimba mara tatu, Singano kwa sauti ya muadhini
mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

Jumatatu ya mwisho karatasi ilikuwa tupu.
Duara dogo kabisa lilibaki na ncha ya penseli tu.
Mwanakombo akajaza jedwali kwa mwandiko wake wa kuinama:
Umbo: hakuna. Rangi: hakuna.
Kwenye mahali akasita,
akanusa karatasi, akanusa kiganja, akanusa hewa ya darasa,
akaandika: imo.

Nikampa alama zote.

Wageni wakija nyumbani kumuulizia mama
hujibu kama kila mtu: hayupo.
Wa mbali zaidi huwaambia hayuko tena.
Jana jioni nilifungua kasha, nikajitanda kanga yake,
nikajaribu neno la tatu kwa sauti, peke yangu chumbani.
Kwa kukanusha halikutoka.